Mwongozo kamili: kufundisha mada ya pombe na tumbaku shule ya msingi mpaka mtoto aitumie nje ya darasa

Walimu wenzangu, swali hili linarudi kila muhula: nimefundisha madhara ya pombe na sigara, mtihani wamefaulu vizuri tu, alafu likizo ikiisha nasikia walewale wamekutwa nyuma ya vyoo wanavuta, nimekosea wapi? Kitabu hakijakosea kitu. Tatizo tunakitumia kama orodha ya kukariri. Mtoto anakutajia madhara saba ya pombe bila kupumua, ila siku anko wake anamsogezea glasi kwenye sherehe ya kipaimara hana hata sentensi moja ya kumjibu. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Mwongozo huu ni wa darasa la tano na la sita, shule za Tanzania, na unafanya kazi na kitabu chochote cha sayansi mlichonacho shuleni. Sura ni ileile, kinachobadilika ni namna ya kuipitia.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaingia darasani

- Kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu. Kama nakala hazitoshi, vitabu vinapatikana kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), unasoma hata kwa simu.
- Vipindi vinne vya dakika 40, visiwe siku moja. Ukibana yote kwenye kipindi kimoja utaishia kuandika ubaoni na wao kunakili.
- Boksi la maswali. Boksi la chaki lililoisha linatosha, likate tundu juu, funga kwa gundi.
- Mirija membamba, kila mtoto na wake, hakuna kuazimana.
- Yai moja, glasi mbili za kuona ndani, na spiriti kidogo ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa.
- Karatasi zilizokatwa vipande vya kuandikia maigizo, na manila moja ya ukutani.
- Jina la mtu wa kumpelekea mtoto mwenye shida: mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, afisa ustawi wa jamii wa kata, na namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.
- Mwalimu mkuu ajue unafundisha nini na lini. Mzazi akija juu, asikute ofisi haina habari.

Usilete hivi vitu: sigara halisi, chupa ya bia, picha za vidonda vya kutisha, wala mtu wa mtaani aliyeacha pombe aje kutoa ushuhuda. Najua la mwisho litawashangaza wengi maana tumelizoea sana. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu (toleo la 2018), vinaweka ushuhuda wa waliowahi kutumia na mafundisho ya kutisha upande wa mambo ambayo hayajaonyesha matokeo mazuri, sawa na kutoa taarifa peke yake bila kitu kingine. Kinachofanya kazi ni masomo ya kushirikisha ambapo mtoto anafanya mazoezi ya kuamua na kujibu. Na ukifikiria unaona kabisa: jamaa anasimama mbele, mzima, kavaa vizuri, anapiga stori za ujana wake, watoto wanacheka, sasa wao wanaondoka na nini? Wanaondoka na picha ya mtu aliyekunywa miaka yote ile na bado yuko fiti.

## Hatua ya 1: Soma sura ya kitabu ukiwa na mtaa wako kichwani

Kaa na kitabu jioni moja na penseli. Kila mahali kilipoandika "pombe" andika pembeni pombe ambayo watoto wako wanaiona kwa macho. Rombo na Machame ni mbege. Iringa na Njombe ni ulanzi. Pwani ni tembo la mnazi. Mjini ni bia na zile chupa ndogo za pombe kali zinazoingia mfukoni. Gongo iko karibu kila mahali. Fanya hivyohivyo kwenye "tumbaku", maana kitabu kikisema sigara, mtoto ambaye bibi yake ananusa ugoro au kaka yake anaweka kuberi chini ya mdomo anajua hayo hayamhusu.

Kwanini: mtoto haunganishi mwenyewe. Usipotaja mbege, kwake mbege ni kinywaji cha nyumbani na pombe ni ile ya kwenye picha ya kitabu.

Angalizo: taja vinywaji, usitaje watu wala vilabu. Ukisema "kama pale kwa mama fulani" umeshamuumiza mtoto wa huyo mama aliyekaa dawati la tatu, na somo limeishia hapo.

Utajua umefanikiwa ukiwa na orodha ya vitu vitano mpaka nane ambavyo vipo kweli ndani ya mwendo wa mguu kutoka shuleni.

## Hatua ya 2: Weka kanuni, weka boksi

Kipindi cha kwanza, dakika tano za mwanzo. Andika ubaoni kanuni tatu tu: hatutaji jina la mtu yeyote, hatusimulii mambo ya nyumbani kwetu mbele ya darasa, swali lolote linaruhusiwa kwenye boksi bila jina. Alafu kila mtoto apewe kipande cha karatasi, na *wote* waandike kitu. Asiye na swali aandike "sina swali". Wakiandika wachache tu kila mtu atajua nani ana swali, na mwenye swali la kweli hataandika.

Usiulize hata siku moja "nani hapa ameshawahi kuonja pombe, anyooshe mkono". Waliowahi watadanganya, wasiowahi watajiona wamechelewa, na kuna atakayenyoosha kwa sifa.

Maswali ya kwenye boksi ndiyo yatakuonyesha darasa lako lilipo. Unaweza ukakuta "togwa ni pombe?", "sigara ya kwenye filamu ni ya kweli?", "baba akilewa nifanye nini?". Hili la mwisho usilijibu kwa haraka ubaoni, nalirudia hatua ya 7.

Togwa ijibu palepale maana inawasumbua sana. Togwa mbichi ya siku hiyo ni chakula, imechachuka kidogo tu na watoto wanakunywa miaka yote. Ikiachwa siku kadhaa inaendelea kuchachuka na kileo kinaongezeka. Mnazi ni hivyohivyo, ukigemwa asubuhi ni mtamu, jioni umeshaanza kuwa mkali. Chachu inakula sukari na kutoa kileo, basi. Hapo umefundisha sayansi ya uchachukaji kwa kitu wanachokijua.

## Hatua ya 3: Rekebisha hesabu ya "kila mtu anavuta"

Waulize: kati ya watu wazima 10 wa Tanzania, mnadhani wangapi wanatumia tumbaku? Kila mmoja aandike namba kwenye daftari kabla hajamsikia mwenzake. Wengi wataandika tano, sita, hata nane, maana mtoto anahesabu anaowaona kijiweni, hahesabu walioko majumbani na mashambani.

Alafu wape jibu: utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa 2018 ulikuta ni chini ya mmoja kati ya kumi.

Mtoto akiamini kila mkubwa anavuta, ataona sigara ni hatua ya kukua tu, kama kuota ndevu. Ukimuonyesha walio wengi hawavuti, asiyevuta ndiye anakuwa mtu wa kawaida. Dakika kumi hapa zinatosha, ila usiziruke.

## Hatua ya 4: Fungua kitabu, fuata safari ndani ya mwili

Sasa fungueni ukurasa wenye mchoro wa mfumo wa upumuaji na ule wa mmeng'enyo wa chakula. Badala ya kuandika orodha ya madhara, watoto wafuatilie kwa kidole: moshi unaingia wapi, unapita wapi, unaishia wapi. Kila kituo wewe unaeleza kinachotokea.

Moshi. Una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha kansa. Tatu ndizo za kuwafundisha. Lami inaganda kwenye mapafu na kulaza vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu nje, ndiyo maana mvutaji anakohoa sana asubuhi. Kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, inakaa kwenye damu nafasi ya oksijeni. Na nikotini, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20, ubongo unaizoea na kuidai tena. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka kama 25, kwahiyo wa mtoto unazoea haraka kuliko wa mkubwa. Hiyo sentensi irudie, maana mtoto anaona babu kavuta miaka 50 na yupo, wakati babu aliyeanza mkubwa na mtoto wa miaka 12 ni habari mbili tofauti.

Fanyeni jaribio la mirija. Wote wasimame, wakimbie papo hapo nusu dakika, alafu waweke mrija mdomoni, wabane pua, wapumue kwa mrija tu sekunde 15. Waulize wanajisikiaje. Njia ya hewa iliyobanwa na moshi wa miaka mingi inafanana na hapo. Angalizo: mwenye pumu, mwenye shida ya moyo au mwenye mafua siku hiyo hafanyi, anakuwa mshika saa. Ulizia mapema, na akisikia kizunguzungu anaachia mrija mara moja.

Pombe. Kidole kianzie mdomoni, tumboni, utumbo mwembamba, kwenye damu, kwenye ubongo, mpaka kwenye ini. Ini ndilo linalofanya kazi karibu yote ya kukivunja kileo na lina mwendo wake, haliharakishwi na kahawa wala maji ya baridi wala supu ya pilipili. Mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ni mlevi aliyelowa, ini liko palepale. Sehemu ya ubongo inayopima hatari ndiyo inaanza kulegea, mtu bado anatembea sawa ila maamuzi yameshaondoka, na ndio maana mlevi anakwambia yuko sawa kuendesha bodaboda, na anaamini kabisa.

Hapa ndipo unafanya jaribio la yai. Wewe mwenyewe, watoto wakae mbali kidogo. Ute mweupe gawanya kwenye glasi mbili, moja weka maji, nyingine spiriti, koroga. Ya maji inabaki laini. Ya spiriti ndani ya dakika chache inageuka nyeupe yenye mabonge kama imepikwa, na hakuna moto hapo. Protini imeharibika umbo. Pombe kali nayo inawasha na inaweza kujeruhi koo na ukuta wa tumbo.

Angalizo, na hili muhimu: usiwaambie "hivi ndivyo ubongo wa mlevi unavyoiva". Sio kweli. Spiriti ya dukani ni asilimia 70, kwenye damu ya mlevi kileo hakifiki hata asilimia moja. Mtoto mwenye akili atauliza mbona baba hajaiva, na ukishakamatwa na uongo mmoja hata ya kweli hawatayaamini. Ukimaliza, spiriti mwaga mbele yao, osha glasi. Inashika moto upesi na ni sumu kuinywa, isibaki darasani hata tone.

Gongo peke yake. Iko hatari inayoweza kumpata hata mtu aliyekunywa kidogo: methanoli, kileo cha sumu kinachoweza kuwemo ndani yake. Kwa macho na kwa harufu huwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida, ila mwili unaigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa macho. Mei 2014 Kenya walikufa makumi ya watu kwenye kaunti kadhaa ndani ya siku chache kwa pombe yenye methanoli, na wengine walipona wakiwa vipofu. Sema hivyo kwa sauti ya kawaida, usiongeze chumvi, yenyewe inatosha.

Utajua umefanikiwa kama mtoto anaweza kukueleza *kwanini* mvutaji anakohoa bila kutumia neno "madhara".

## Hatua ya 5: Hesabu, tena za kweli

Hapa darasa la sita wanachangamka maana ni asilimia na mililita wanazojua tayari.

Bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5, kileo chenyewe ni ngapi? Mililita 25. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 40? Mililita 80. Yaani kachupa kanakoingia mfukoni kanazidi bia tatu. Waache waone wenyewe, usiwahi kuwapa jibu. Viroba, vile vya kwenye pakti za plastiki ambavyo serikali ilivipiga marufuku kuanzia 1 Machi 2017, cha mililita 100 chenye asilimia 40 kilikuwa na kileo cha mililita 40, na kilikuwa rahisi mpaka mwanafunzi aliweza kukinunua kwa hela ya mihogo. Watoto wako hawakumbuki viroba ila kaka na dada zao wanavikumbuka vizuri.

Alafu uliza: mtu wa kilo 70 na mtoto wa kilo 35 wakinywa chupa moja sawasawa, nani damu yake itakuwa na kileo kingi zaidi? Karibu mara mbili. Na mtoto pombe inaweza kumshusha sukari mwilini mpaka azimie. Waambie hapohapo cha kufanya: mwenzao akikutwa amelewa na haamki vizuri, alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asitapishwe kwa nguvu, asiachwe peke yake, aitwe mtu mzima haraka, apelekwe hospitali. Hakuna kumficha kwa kuogopa viboko. Hilo mliseme wote, na mwalimu wa nidhamu akiwepo asikie, maana watoto wanafichana kwa sababu yetu.

Hesabu ya sigara ni rahisi zaidi. Tuseme sigara moja ni shilingi 200, mtu anavuta tano kwa siku, hiyo ni 1,000 kwa siku, 365,000 kwa mwaka. Waorodheshe hela hiyo inanunua nini nyumbani: daftari, sare, bati, mbuzi. Angalizo: bei lete wewe, usimtume mtoto dukani kuulizia. Kuuza tumbaku kwa mtu chini ya miaka 18 kumekatazwa na sheria ya 2003 ya bidhaa za tumbaku, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara na pombe zote mbili. Sisi tusiwe wa kwanza kumpeleka kaunta.

## Hatua ya 6: Mazoezi ya kukataa, na hapa ndipo penyewe

Vitabu vingi vinamalizia sura na "mwanafunzi akishawishiwa aseme hapana". Haya, mwambie mtoto wa miaka 11 aliyelelewa kuitikia "abee" na "naam" amwambie mjomba wake "hapana" mbele ya wageni. Hawezi. Na akifanya hivyo anaweza kuchapwa kwa utovu wa adabu, alafu kesho yake anajifunza kwamba somo la mwalimu linamletea matatizo. Kwahiyo tunamfundisha kukataa *kwa adabu*, kwa maneno ya kwetu, na kuondoka.

Jinsi ya kuendesha:

1. Andika hali tano au sita kwenye vipande vya karatasi, zitoke kwenye orodha yako ya hatua ya 1.
2. Gawa vikundi vya watoto wanne. Wawili wanaigiza, wawili wanasikiliza.
3. Kila kikundi kinatunga maneno yake. Usiwape ya kwako kwanza, lugha yao wanaijua wao.
4. Wanaigiza mara mbili. Mara ya pili anayeshawishi anakazana zaidi.
5. Waliosikiliza wanasema sentensi gani ilifanya kazi. Inaandikwa kwenye manila.

Hali ambazo usiache hata moja:

Sherehe. "Njoo mjomba, onja povu hili, we si dume?" Watoto wengi wataduwaa kwanza. Waache. Baadaye zinatoka: "Asante anko, mama kanituma soda, narudi." "Anko, nikionja natapika, nitakuchafulia suruali." Hii ya pili watacheka sana, ila ikumbuke, inafanya kazi kwa sababu mkubwa haonekani kadharauliwa.

Kuwasha sigara. Hii hutaikuta kwenye kitabu na ndiyo njia ambayo watoto wengi wa kijijini wanaonja. Babu amekaa nje, anamwita mjukuu, anampa sigara akamwashie jikoni kwenye kaa. Kaa haliwashi sigara ikiwa imeshikwa tu mkononi, inabidi mtoto aiweke mdomoni, avute ndani ndio ishike. Anavuta pafu moja, anakohoa, machozi yanamtoka, bibi anacheka, anampelekea babu. Kesho tena. Hakuna mtu aliyemshawishi wala kumlazimisha, ametumwa tu na ametii. Jibu ambalo watoto wakishikwa mkono kidogo wanalipata: "Babu, nakuletea kiberiti." Au abebe kaa kwa koleo amletee babu awashe mwenyewe. Heshima imebaki, moshi haujaingia.

Kutumwa dukani kununua sigara au pombe. Mtoto asibebeshwe kazi ya kumfundisha baba sheria, nyumba nyingine hapo ni kipigo. Hili ni letu: andika barua fupi kwa wazazi kupitia kamati ya shule, ongeeni na wenye maduka ya karibu, ili mtoto akirudi mikono mitupu aweze kusema "dukani hawauzii watoto".

Rafiki. Nyuma ya choo, "acha uoga, pafu moja tu". Hapa "hapana" kavu inaruhusiwa. Wafundishe pia kumsaidia mwenzao: mtu wa pili akisema "twende bana, kengele imegonga", aliyeshawishiwa anapata njia ya kutoka. Mazoezi ya huyu mtu wa pili yafanyeni sana, kuokoa mwenzio ni rahisi kuliko kujiokoa.

Angalizo: mwanafunzi asiigize mlevi kwa kuyumbayumba. Darasa litalipuka kwa kicheko na utakuwa umefundisha kwamba kulewa ni burudani. Mshawishi aigizwe akiwa mtu wa kawaida, mchangamfu, mwenye upendo hata, maana ndivyo alivyo kweli. Kwa sababu hiyohiyo mimi situmii ule mchezo wa kuwazungusha watoto wapate kizunguzungu alafu watembee kwenye mstari. Wanaupenda mno.

Utajua umefanikiwa ukisikia sentensi za kwenye manila zikitumika kwenye michezo yao ya mapumziko.

## Hatua ya 7: Mtoto ambaye kwao ndiko kunakotengenezwa

Kuna mtoto ada, sare na chakula chake vinatoka kwenye pipa la pombe ya mama. Kuna mtoto wa Urambo, Sikonge au Chunya ambaye nyumba nzima inasubiri soko la tumbaku. Ukisimama na kusema "wanaouza pombe ni waovu" umemwambia mama yake ni muovu. Atanyamaza, na hutampata tena.

Sema hivi: kuna watu wazima wanafanya kazi hii kwa sababu ndiyo waliyoipata, darasani tunaongelea mwili wa mtoto. Inatosha.

Maeneo ya tumbaku ongeza somo ambalo kitabu hakina. Nikotini inaingia hata kwa ngozi, hasa majani yakiwa na umande au yamenyeshewa. Mtoto anayevuna au kubeba majani mabichi asubuhi anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma, na nyumbani watasema malaria. Kubeba majani mabichi, kushinda kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) lenye moshi, kupulizia dawa, hizo sio kazi za mtoto. Aliyegusa majani aoge kwa sabuni na abadili nguo, mikono ioshwe kabla ya kula. Kwenye kikao cha wazazi lisemeni kama ushauri wa afya na utashangaa wanavyosikiliza, maana dalili hizo wao wenyewe wanazijua.

Sasa lile swali la boksi, "baba akilewa nifanye nini?". Jibu kwa darasa zima bila kuonyesha limeandikwa na nani: ulevi wa mzazi sio kosa la mtoto, usibishane na mtu aliyelewa, usipande chombo anachoendesha, jua nyumba moja ya jirani au ndugu unayoweza kukimbilia usiku, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Andika 116 ubaoni na uiache mpaka kipindi kinachofuata.

Mtoto akikufuata peke yake, msikilize mpaka amalize. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, maana kama anapigwa au analala njaa inabidi uende kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Mwambie ukweli huo kwa upole kabla hajaendelea.

## Hatua ya 8: Pima kitu sahihi

"Taja madhara manne ya pombe" iwekeni kama mtihani unaidai, ila usiiamini. Ongeza maswali ya namna hii:

- Juma amepewa sigara akaiwashe jikoni. Andika maneno mawili anayoweza kumwambia babu yake kwa adabu.
- Chupa ya mililita 250 ina kileo asilimia 40. Kileo ni mililita ngapi? Linganisha na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. (Ni 100 kwa 25, mara nne.)
- Mwenzako amelewa na amelala chali, haitiki. Andika mambo matatu utakayofanya kwa mpangilio.

Anayeandika "ningesema hapana" bila kitu kingine mpe nusu ya alama na umrudishe kwenye maigizo. Aliyeandika maneno yenyewe, na unaona kabisa yanaweza kutoka mdomoni mwa mtoto wa pale kijijini, huyo ameelewa.

## Hatua ya 9: Rudia, maana mara moja haitoshi

Mazoezi ya kukataa yanafifia kama hesabu za jedwali zinavyofifia. Baada ya mwezi fanya maigizo dakika 15 tu, na hali mpya. Tarehe 31 Mei ni siku ya kimataifa ya kutotumia tumbaku, itumieni gwaride la asubuhi, watoto wenyewe waigize mbele ya shule nzima. La sita wawafundishe la nne, na hapo wakubwa ndio wanalishika zaidi.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga Desemba usiiache kabisa, kwa sababu Krismasi, harusi na watu wanaorudi kutoka mjini na makreti ya bia vyote vinakuja ndani ya wiki mbili hizo. Kila mtoto achague sentensi moja kwenye manila, aisemee kwa mwenzake mara tatu kwa sauti, alafu mwenzake ajaribu kumshawishi. Akikwama, achague nyingine.